Mwalimu wa Kiingereza Hapimwi kwa Lafudhi

Mgeni anayejifunza Kiswahili akikuuliza kwa nini tunasema “mbuzi wangu” lakini hatusemi “rafiki wangu”, utamjibu nini? Wengi wetu tuliokulia ndani ya lugha hii tutanyamaza kidogo, tutacheka, kisha tutamwambia kuwa ndivyo inavyosemwa. Jibu hilo si la uongo, ila halimsaidii kitu. Mwalimu aliyeisomea kazi yake atamweleza kuwa majina ya viumbe hai kama mbuzi, japo umbo lake ni la ngeli nyingine, huchukua upatanisho wa ngeli ya watu, isipokuwa kundi dogo la majina ya jamaa na mahusiano, kama vile baba, mama, dada, ndugu na rafiki, ambayo yanapomilikiwa hubaki na upatanisho wa umbo lake. Ndiyo maana tunapata “rafiki yangu” na “rafiki zangu”. Mzungumzaji wa kawaida na mwalimu huyo wote wawili wanakijua Kiswahili barabara, na huenda yule wa kwanza akawa mcheshi na msemaji hodari kumshinda wa pili, lakini mmoja tu ndiye anayejua mgeni amekwama wapi na atamtoaje hapo.

Jambo hili huwa rahisi kulikubali linapohusu lugha yetu wenyewe. Likihamia kwenye Kiingereza, watu hulisahau. Mzazi anayetafuta shule, mkurugenzi anayetangaza nafasi ya kazi, hata mtu mzima anayelipia masomo ya jioni, wote huanza kwa sikio: je, mwalimu huyu anasikika kama wenyewe? Anayetoa maneno kupitia puani huonekana amebobea kabla hajaandika chochote ubaoni, na anayetamka kwa lafudhi ya lugha yake ya kwanza hutiliwa shaka hata kama ametumia miaka mingi kusomea ufundishaji wa lugha. Hoja yangu ni kwamba kipimo hiki cha sikio ndicho kinachoifanya kazi ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili isionekane kuwa taaluma, kwa maana kama kusema ndiko kufundisha, basi hakuna cha kusomea.

Kipimo hicho kimeingia hadi katika kanuni za uhamiaji. Kwa kawaida Korea Kusini hutoa viza yake ya walimu wa lugha, inayojulikana kama E-2, kwa walimu wa Kiingereza walio raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Shahada inatakiwa, lakini si lazima iwe ya ualimu wala ya isimu. Kwa hiyo kijana mwenye shahada ya biashara, ambaye hajawahi kumfundisha mtu hata kufunga kamba za viatu, anaweza kupita mlango huo, ilhali mwalimu wa Kiingereza mwenye shahada mbili za fani hiyohiyo kutoka nchi isiyo katika orodha huishia nje kwa sababu ya pasipoti yake. Japani nayo ilianzisha mpango wa JET mwaka 1987, ambao huwaleta vijana kutoka nje kuwa walimu wasaidizi mashuleni. Sharti la elimu ni shahada ya kwanza ya somo lolote, na uzoefu wa kufundisha si lazima. Angalau Wajapani walimwita mgeni huyo msaidizi na kumweka kando ya mwalimu mwenyeji. Pamoja na hayo, picha inayobaki kwa umma ni ileile, kwamba kinachohitajika ni mdomo uliozaliwa mahali fulani. Hakuna anayemwajiri mwalimu wa hisabati kwa sababu alikulia katika nyumba ya watu waliojua kuhesabu.

Imani hii ina historia, na sehemu yake ni historia ya biashara. Mwaka 1878 Maximilian Berlitz alifungua shule ya lugha huko Providence, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani. Kisa kinachosimuliwa na kampuni yenyewe ni kwamba alimwajiri Mfaransa amsaidie kufundisha Kifaransa, akagundua kuwa msaidizi huyo hajui Kiingereza hata kidogo, kisha yeye mwenyewe akaugua. Aliporudi darasani baada ya majuma kadhaa akawakuta wanafunzi wakizungumza Kifaransa kwa furaha na kwa matamshi mazuri. Kutokana na hapo ikaja kanuni ya kutotumia kabisa lugha ya mwanafunzi darasani. Sikatai kwamba mbinu hiyo ina faida zake. Lakini msomaji na azingatie kuwa kanuni inayomkataza mwalimu kutumia lugha ya wanafunzi wake ni kanuni inayomfaa sana mwajiri ambaye walimu wake hawaijui lugha hiyo. Udhaifu wa msaidizi ukawa sifa ya mbinu, na sifa hiyo ikauzwa.

Baadaye imani hiyo ikavishwa joho la kitaalamu. Mwaka 1961 wataalamu kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Kampala, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Miaka 31 baadaye mwanaisimu Robert Phillipson aliyachambua mapendekezo yaliyotokana na mkutano huo na kuona ndani yake imani tano alizoziita potofu: kwamba Kiingereza hufundishwa vyema kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, yaani aliyekulia ndani yake, kwamba kadiri mtoto anavyoanza mapema ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri, kwamba kadiri saa zinavyozidi ndivyo umilisi unavyozidi, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana viwango vya Kiingereza vitashuka. Zisomee imani hizo watu kumi kwenye kituo cha basi, popote duniani, bila kuwaambia zimetoka wapi, na sidhani kama utapata zaidi ya wawili watakaozipinga. Zimekwisha kuwa akili ya kawaida, na akili ya kawaida haiombwi ushahidi.

Ushahidi wenyewe, pale ulipotafutwa, ulileta jambo la kushangaza kuhusu sikio. Mtafiti wa Marekani Donald Rubin alichapisha mwaka 1992 jaribio ambalo ningependa kila mkuu wa shule alisome. Wanafunzi wa chuo kikuu walisikilizishwa mhadhara mfupi uliorekodiwa, na sauti ilikuwa moja kwa wote, ya mwanamke Mmarekani aliyekulia katikati ya nchi hiyo. Walipokuwa wakisikiliza, mbele yao palikuwa na picha ya mwalimu. Baadhi waliona picha ya mwanamke Mzungu, wengine wakaona ya mwanamke mwenye sura ya Kiasia. Waliotazama picha ya pili walisema walisikia lafudhi ya kigeni, na katika baadhi ya vipimo uelewa wao wa mhadhara ukawa chini kuliko wa wenzao. Sauti haikubadilika hata silabi moja. Kilichobadilika ni picha iliyokuwa mbele yao, na masikio yakatii macho.

Matokeo hayo yananifanya niwe mgumu kumwamini mtu anayelalamika kwamba mwanawe “haelewi lafudhi ya mwalimu”. Pengine ni kweli haielewi. Pengine pia mtoto amesikia nyumbani kwamba mwalimu yule si mwenyewe, akaingia darasani akiwa ameshaamua kutomwelewa. Serikali nazo huangukia mtego huohuo. Katika jimbo la Arizona nchini Marekani, wakaguzi wa idara ya elimu walikuwa wakitembelea madarasa ya wanafunzi wanaojifunza Kiingereza na kuandika taarifa kuhusu matamshi ya walimu, wengi wao wakiwa na asili ya lugha ya Kihispania. Suala hilo lilizua mjadala mkubwa mwaka 2010, na mwaka uliofuata, baada ya serikali kuu kulichunguza, jimbo likaacha ukaguzi huo wa lafudhi.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu mjadala wa lafudhi mara nyingi huchanganya mambo mawili. Matamshi yana umuhimu. Anayesema hayana hajawahi kusimama mbele ya ofisa wa uhamiaji asiyemwelewa. Swali ni matamshi yapi. Mwanaisimu Jennifer Jenkins, katika kazi yake iliyotoka mwaka 2000, alichunguza mazungumzo ya watu ambao wote wanatumia Kiingereza kama lugha ya kujifunza, akatazama ni makosa yapi hasa yanayosababisha kutoelewana. Ile sauti ya “th” inayowatesa wanafunzi mbele ya kioo, ulimi ukitolewa nje kama wa mtoto anayeonja dawa, haikuonekana kuwa na uzito mkubwa: anayesema “tink” au “sink” akikusudia “think” kwa kawaida hueleweka. Kinachovunja mawasiliano ni mambo kama urefu wa irabu, unaotenganisha “leave” na “live”, kuangusha konsonanti zinazofuatana mwanzoni mwa neno, na kuweka mkazo mahali pasipofaa katika sentensi. Kwa sisi wenye irabu tano, suala la irabu ndefu na fupi ni kazi ya wiki nzima, na mwalimu anayelijua hilo ataipanga wiki hiyo. Mwalimu anayevutia kwa lafudhi tu atatamka maneno yote mawili kwa usahihi mara ishirini, na wanafunzi watasikia neno lilelile mara arobaini.

Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo umma hauioni. Chukua mfano mwingine, wa njeo, yaani nyakati za kitenzi. Mwanafunzi mtu mzima niliyewahi kumfundisha alikuwa akisema “I live here for five years” kila mara alipojitambulisha, na kila mara nilipomsahihisha alitikisa kichwa, akarudia sentensi sahihi, “I have lived here for five years”, kisha siku iliyofuata akarudi palepale. Nilidhani ni uzembe. Ilinichukua muda kutambua kwamba alikuwa akifuata mantiki safi kabisa ya lugha yake: naishi hapa kwa miaka mitano, na bado naishi, kwa nini nitumie umbo linalonukia mambo yaliyopita? Kiambishi chetu cha “-me-” nacho huongeza utata, kwa kuwa “nimechoka” na “nimesimama” hueleza hali niliyo nayo sasa, na Kiingereza huitaja hali hiyo kwa njeo ya wakati uliopo. Mwanafunzi anayetafsiri kiambishi kwa kiambishi atapotea pande zote mbili. Siku nilipoacha kusahihisha na kuchora mstari wa wakati ubaoni, nikaweka lugha mbili juu na chini ya mstari huo, kosa lilianza kupungua. Halikuisha. Makosa ya namna hii huondoka kwa miezi, na mwalimu anayemuahidi mtu kuyamaliza kwa majuma sita anauza maneno.

Mwanaisimu wa Hungaria Péter Medgyes aliuliza mwaka 1992 ni nani mwenye thamani zaidi, mwalimu mzawa wa lugha au asiye mzawa, na jibu lake lilikuwa la busara kuliko swali: kila mmoja ana nguvu zake. Asiye mzawa amepita njia ileile ambayo mwanafunzi anapita, anajua mashimo yalipo, na anaweza kuwa mfano hai wa mtu aliyefika. Mzawa ana utajiri wa misemo na uhakika wa kusema “hivi hatusemi” bila kufungua kitabu. Ningeongeza kwamba tusiwapambe walimu wasio wazawa kupita kiasi. Wapo wanaofundisha Kiingereza wasichokimudu, wanaosoma kitabu neno kwa neno kwa hofu ya kuulizwa swali, na huo ni udhaifu wa kweli usiofichika kwa kauli za usawa. Dawa yake ni mafunzo, sawa na dawa ya mzawa ambaye hajui kueleza lugha yake. Hata cheti cha kufundishia Kiingereza kiitwacho CELTA, kinachotambulika sana duniani, ambacho ni cha mwanzo tu, huhitaji takriban saa 120 za mafunzo pamoja na saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku mtu akitazamwa na kutathminiwa. Vyeti vinavyopatikana mtandaoni kwa siku mbili, bila kumwona mwanafunzi hata mmoja, vina soko kwa sababu umma umeshaamini kwamba kazi yenyewe ni nyepesi.

Imani nyingine yenye madhara ni ile ya kwamba watoto huidaka lugha kama mafua: waweke pamoja na wanaoizungumza, baada ya muda mfupi watakuwa nayo. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, ilikataa mantiki hiyo. Huko San Francisco takriban wanafunzi 1,800 wenye asili ya Kichina hawakuwa wakipewa msaada wowote wa kujifunza Kiingereza, na mahakama ikasema kuwa kuwapa vitabu vilevile, walimu walewale na mtaala uleule hakuwafanyi wawe sawa na wengine ikiwa hawaelewi kinachosemwa. Lakini mahakama haibadilishi fikra za mtaani. Mwaka 1998 wapiga kura wa California, kwa takriban asilimia 61, walipitisha sheria iliyotaka wanafunzi wanaojifunza Kiingereza wawekwe katika madarasa maalumu ya Kiingereza kwa kipindi ambacho kwa kawaida hakitazidi mwaka mmoja, kisha wahamie katika madarasa ya kawaida.

Mwaka mmoja! Anayejua kazi hii anaweza tu kuguna. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mtafiti wa elimu ya lugha Jim Cummins alikuwa akitofautisha lugha ya mazungumzo ya kila siku, ambayo mtoto huweza kuipata kwa takriban miaka miwili, na lugha ya masomo, ile ya kueleza sababu, kulinganisha hoja na kuelewa swali la sayansi, ambayo huchukua miaka mitano hadi saba. Mwaka 2000 mtafiti Kenji Hakuta na wenzake walitazama takwimu za California yenyewe na nchi jirani ya Kanada, wakaona miaka mitatu hadi mitano kwa ufasaha wa kuzungumza na minne hadi saba kwa Kiingereza cha kitaaluma. Sheria ile ilikuja kulegezwa kwa kura nyingine mwaka 2016. Katikati hapo ilipita miaka 18, umri wa mtoto kuanzia kuzaliwa hadi kumaliza shule.

Tazama jinsi fikra hiyo inavyomwangukia mwalimu. Mtoto anacheza uwanjani na wenzake, anatania, anagombana, anaomba msamaha, vyote kwa Kiingereza chepesi. Mzazi na mwalimu mkuu wanamsikia, wanaridhika kwamba lugha ameshaijua. Mtihani unakuja, mtoto anashindwa kueleza kwa nini barafu huelea, na lawama zinagawanywa kati ya akili yake na uvivu wa mwalimu wake wa lugha. Hakuna anayesema kuwa mtoto yuko katika mwaka wa pili wa safari ya miaka saba. Kwa kuwa kazi inaonekana imeisha, saa za somo hupunguzwa, chumba hupewa mwingine, na mwalimu wa lugha ya pili hubaki akizunguka na kikapu cha vitabu kutafuta kona isiyo na darasa. Wenzake wa masomo mengine humwona kama mtu wa kuwasaidia wanafunzi dhaifu, wakati mwanafunzi anayejifunza fizikia kwa lugha anayoijenga papo hapo anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja.

Vyama vya kitaaluma vimejaribu kusema. TESOL, chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza kwa wasemaji wa lugha nyingine kilichoanzishwa mwaka 1966, kilitoa tamko mwaka 2006 la kupinga ubaguzi dhidi ya walimu wasio wazawa wa lugha hiyo, kikieleza kuwa umilisi, uzoefu na mafunzo ndivyo vinavyopaswa kutazamwa. Matangazo ya kazi yenye maneno “wazawa tu” bado yanachapishwa. Waajiri wakiulizwa husema kuwa wao hawana tatizo, ila wateja ndio wanaotaka hivyo. Na wateja, kwa upande wao, husema wanafuata ushauri wa shule.

Niliwahi kualikwa katika jopo la watu watatu lililokuwa likiwasaili walimu wawili wa Kiingereza. Niliwapa wote wawili sentensi moja ya mwanafunzi, “He explained me the problem,” nikawaomba waniambie wangefanya nini nayo darasani. Wa kwanza, mzawa wa lugha mwenye sauti ya kupendeza kama ya mtangazaji, alisema haisikiki vizuri, kwamba angemwambia mwanafunzi aongeze “to”, na kwamba baada ya muda ataizoea. Wa pili, aliyekuwa na lafudhi ya wazi ya kwao, alichukua kalamu. Alisema mwanafunzi huyu hajakosea ovyo, amekwisha kujifunza “he told me” na anadhani vitenzi vyote vya kusema huenda hivyo. Pia katika lugha yake huenda kitenzi hubeba mtendewa ndani yake, kama mtu asemavyo “alinieleza”. Akaandika vitenzi sita katika safu mbili, vinavyomchukua mtu moja kwa moja na visivyomchukua, akatunga zoezi la dakika kumi pale pale.

Tulipobaki wenyewe, wenzangu wawili walikubali kwamba wa pili alijibu vizuri zaidi. Mmoja wao hata alinakili zile safu mbili kwenye daftari lake. Kisha wakampigia kura wa kwanza, kwa sababu, kama alivyosema mwenyekiti huku akifunga faili, wazazi wakipiga simu shuleni ni vyema wapokelewe na sauti ya namna ile.